Mchapaji Hasomi

Kampeni ya kupunguza karatasi pale chuoni ilianza kwa kuchapa matangazo mia nne. Usicheke, wenzako walishacheka, na walicheka mwezi mzima. Afisa mazingira mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mwenye mkataba wa mwaka mmoja na meza isiyo na droo, alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha uchapaji akitazama matangazo yake yakitoka mashineni moja baada ya jingine. Mchapaji alichukua moja, akalisogeza dirishani kukagua wino, kisha akamtazama yule mwanamke kwa juu ya miwani.

"Mangapi haya?"

"Mia nne."

"Yanasemaje?"

"Yanawaambia watu wasichape ovyo."

Mchapaji alilirudisha lile tangazo juu ya rundo, akaliweka sawa kwa kiganja.

"Mia nne," akasema.

"Baba, chapa tu."

Mchapaji alikuwa baba yake mzazi. Chuo kizima kilimwita Mzee Wino. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia kwenye chumba kile kimoja nyuma ya maktaba, chenye dirisha moja, meza ndefu ya mbao, kisu cha kukatia karatasi chenye mpini mwekundu, na mashine kubwa aliyoiita Bi Mkubwa kwa sababu, alivyodai, hafanyi kazi mpaka asalimiwe. Binti alikulia humo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na tangu hapo kila akitoka shule alikuja kukaa chini ya ile meza ndefu mpaka saa za kazi ziishe. Mvumo wa Bi Mkubwa ulikuwa ukimlaza usingizi.

Chini ya meza ile alifundishwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mchapaji hasomi. Mitihani yote ya chuo ilipita mikononi mwa Mzee Wino, na katika miaka ishirini na sita haikuvuja hata nukta. "Macho yangu yanaishia hapa," alikuwa akimwambia, akigusa namba ya ukurasa chini ya karatasi. "Juu ya hapo ni kwa wenyewe." Alikagua wino, alikagua pembe, alihesabu kurasa, akafunga bahasha. Wapo waliodhani ni majigambo ya mzee. Lakini binti alikuja kusoma chuo hicho hicho, na mwaka wa pili akaanguka somo la takwimu, akalia wiki nzima. Karatasi ile ya takwimu ilichapwa na baba yake siku nne kabla ya mtihani. Siku zote nne baba alikaa naye mezani akimmenyea machungwa huku yeye akikariri mada ambazo hazikutoka.

La pili lilikuwa daftari. Karatasi iliyoharibika mashineni, kama mgongo wake ni safi, Mzee Wino hakuitupa. Mitihani aliichana vipande vipande mpaka isifae hata kufungia karanga, lakini ratiba, kumbukumbu za vikao, matangazo ya zamani, vyote alivikata kwa kile kisu, akavishona kwa uzi mnene na sindano ya gunia, akavivika jalada la faili kuukuu. Upande uliochapwa aliupiga mstari wa penseli kwa rula, pembe hadi pembe, maana yake huku usiandike. Kila mtoto wa mfanyakazi aliyeanza darasa la kwanza alipata daftari lake. Nusu ya watoto wa pale waliandika a, e, i, o, u zao za kwanza mgongoni mwa kikao cha bodi. Hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo mazingira. Waliliita ubahili wa Mzee Wino, na wakaendelea kuleta watoto.

Sasa turudi kwenye kampeni, ambayo wakati huo ilikuwa inakata roho.

Afisa mazingira aliitisha mkutano wa wafanyakazi wote. Walialikwa mia na arobaini, wakaja kumi na mmoja, na chai ilipokwisha wakabaki sita. Alibandika stika za kijani kwenye swichi za taa. Watu wakazibandua wakabandikia mabahasha yaliyochanika. Alipita ofisini na fomu ya ahadi, ya kwamba kila idara itapunguza karatasi kwa nusu ndani ya mwaka, na kila alipoingia alipokewa kwa tabasamu lile la kumwekea mtoto pipi mkononi. "Wewe si yule wa chini ya meza?" walimuuliza. "Umekuwa mkubwa jamani." Kisha wakarudi kuchapa. Mhadhiri wa hesabu alichapa kila barua pepe aliyopata, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaiweka kwenye faili. Katibu muhtasi wa idara ya usajili aliitwa Mama Nakala Tatu: moja ya mkubwa, moja ya faili, na moja, alivyosema mwenyewe, ya siku mambo yakigeuka.

Naibu mkuu wa chuo, mtu wa tai nyembamba na maneno machache, alimwita mwezi wa nne.

"Nusu," alimwambia. "Mwisho wa mwaka iwe nusu. La sivyo, sitakuwa na la kuitetea hiyo ofisi yako."

Siku hiyo alikwenda chumba cha uchapaji akakaa juu ya boksi la karatasi. Nyumbani alikuwa na mtoto wa miaka sita. Baba wa mtoto alikuwa mbali, na umbali wenyewe haukuwa wa kilomita. Mzee Wino alimwacha akae mpaka Bi Mkubwa amalize kazi iliyokuwemo, kisha akafunga mashine na kufuta mikono.

"Tatizo lako wewe unawahubiria," akasema. "Mimi nawajua."

Kesho yake alitoa kiti mlangoni. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, chenye egemeo lililopasuka, akakiweka pale pale ambapo mtu akiingia na kazi lazima akigonge goti. Utaratibu ukawa huu: ukileta kitu cha kuchapwa, unakaa kwanza. Unakaa na karatasi yako mapajani mpaka Bi Mkubwa apate joto, kama dakika tano hivi. Kisha Mzee Wino anakuuliza swali moja tu: "Hii isipokuwepo, nani atakosa nini?" Yeye hakuzisoma karatasi zao. Aliwaachia wazisome wenyewe, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza. Wiki ya kwanza walinung'unika. Wiki ya pili wakaanza kutaniana, wakakibatiza Kiti cha Kufikiria. Wiki ya tatu mhadhiri wa hesabu alikaa, akaitazama barua pepe yake kwenye simu, akasimama, akaondoka bila kuichapa.

Saa za mapumziko ya mchana, Mzee Wino alivua koti lake la kazi akazunguka maofisini na binti yake na fomu ya ahadi. Hakuwaeleza habari za misitu. Alimkuta Mama Nakala Tatu akichambua faili.

"Mama, ile nakala ya tatu huwa unaiweka wapi?"

"Kabatini, Mzee."

"Kabati lile la kona? Ufunguo unao?"

Mama akafikiri. "Ufunguo ulipotea mwaka juzi."

"Na tangu mwaka juzi umewahi kulihitaji?"

Mama Nakala Tatu alicheka mpaka akashika ubavu. Alitia sahihi, na akawapigia simu makatibu wenzake wa idara nyingine tano watie pia. Mambo yalikwenda hivyo hivyo, mlango hadi mlango. Waliokuwa wamemcheka binti walianza kumwita Bi Mazingira, na waliposema hivyo hawakuwa wanatania. Mhadhiri wa hesabu ndiye aliyemshika Mzee Wino bega siku moja kwenye korido, mbele ya binti, akamwambia, "Lakini Mzee, wewe si unajipalia makaa? Tusipochapa, utakula wapi?"

"Makaa ya mwanangu hayaniunguzi," Mzee Wino akajibu.

Walicheka wote watatu. Binti naye alicheka, na baadaye kicheko hicho ndicho alichokikumbuka kuliko kitu kingine chochote.

Muhula ulipokaribia kuisha, chuo kilikuwa kimetoka maboksi tisini ya karatasi kwa mwezi hadi thelathini na manane. Naibu mkuu alimwita tena, safari hii akamkaribisha kiti.

"Kazi nzuri," akasema. "Baraza la chuo linataka ripoti. Sasa, kile chumba cha uchapaji, kinafanya nini siku hizi?"

"Kinachapa mitihani."

"Idara zitajichapia. Mashine ndogo moja kila idara inatosha. Liandike hilo kwenye mapendekezo."

"Niliandike mimi?"

"Likitoka kwako ni mazingira. Likitoka kwangu ni kupunguza watu." Alifungua faili, akalifunga. "Mkataba wako wa miaka mitatu uko hapa mezani. Unasubiri ripoti."

Ningependa kukuambia kwamba alisimama akakataa. Hakukataa. Alisema, "Nitafikiria," na hakwenda kukaa kwenye Kiti cha Kufikiria. Alirudi kwenye meza yake isiyo na droo akajipa sababu, na sababu hazikuwa za uongo: baba amebakiza miaka miwili astaafu, vumbi la wino linamkoholesha, kazi yenyewe imepungua kweli, mtoto anaanza shule, asipoandika yeye ataandika mwingine. Kisha akaandika ukurasa wa tisa. *Kutokana na kupungua kwa matumizi ya karatasi, chumba cha uchapaji hakina tena kazi ya kutosha. Inapendekezwa kifungwe mwisho wa muhula, na mtumishi aliyepo apangiwe kazi nyingine kulingana na uwezo wake.* Kwenye yale maneno "mtumishi aliyepo" alikwama karibu saa nzima. Kila neno jingine alilojaribu lilimletea sura ya baba, akaliacha hilo lisilo na sura.

Halafu baraza, hilo hilo lililopongeza kuokoa karatasi, likataka ripoti kwenye karatasi. Nakala kumi na mbili, zenye jalada. Nyaraka za chuo zilichapwa chuoni, huo ulikuwa utaratibu, na kuipeleka ripoti duka la nje kungezua maswali. Binti alizunguka na ile ripoti siku mbili. Angemwambia baba kwa mdomo Jumapili, taratibu, wakiwa wawili. Kuhusu kuchapa hakuwa na hofu. Mtu aliyenyamaza juu ya mtihani wa mwanawe mwenyewe hatasoma ripoti ya ofisi.

Alimpelekea Ijumaa asubuhi. Mzee Wino alipokea, akaona jina la binti yake kwenye jalada, akaligusa kwa kidole.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, baba. Nina kikao, nitaipitia saa tisa."

Saa tisa alizikuta nakala kumi na mbili mezani, zimejaladiwa kwa kijani, pembe zimelingana kama matofali mapya. Kiti cha Kufikiria hakikuwa mlangoni. Kilikuwa ndani, karibu na mashine, na baba alikuwa amekikalia akifuta miwani kwa pindo la koti.

"Kurasa kumi na nne, zote zipo," akasema. "Zimeharibika karatasi mbili tu. Bi Mkubwa anazeeka."

"Asante, baba."

"Hongera."

"Ya nini?"

"Ya kumaliza." Akavaa miwani, akaanza kufunga dirisha.

Jioni hiyo hiyo alikuja kula kwa binti yake, na kwapani alikuwa na daftari la mjukuu, ambaye Jumatatu alikuwa anaanza darasa la kwanza. Alikuwa amelishona kwa mabaki ya yale matangazo mia nne. Upande mmoja TUOKOE KARATASI na mstari wa penseli, upande wa pili mweupe, tayari kwa kazi. Mtoto alilipekua kwa haraka ya anayetafuta picha, akafika mwisho.

"Babu, hii ya mwisho mbona nene?"

"Hiyo imelala. Usiiamshe."

"Italala mpaka lini?"

"Wewe andika kwanza hizo nyingine," babu akasema, akampakata. Binti alikuwa jikoni akipakua, akawasikia, akatabasamu. Alikula chakula kidogo sana siku ile, na baba yake pia, na kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba amechoka.

Jumapili hakumwambia. Baba aliamka na kikohozi, binti akajiambia si siku nzuri. Jumatatu palikuwa na watu. Jumanne alijiambia pengine baraza litakataa, sasa kwa nini amtie mzee presha bure. Baraza halikukataa. Wiki ya tatu Mzee Wino aliingia ofisini kwa binti yake na barua iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani, akabaki amesimama.

"Wanafunga chumba," akasema. "Nimepelekwa getini. Kuandika namba za magari."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Mlango ulikuwa umefungwa, wako wawili, hakuna mtu korido. Binti aliifungua ile barua, akaisoma kana kwamba ni mpya kwake, na mikono ikamtetemeka kweli, maana mikono haijui kuigiza.

"Baba," akasema, "hata mimi nimeshtuka."

Mzee Wino aliichukua barua, akaikunja tena mara nne. Kisha akanyoosha mkono, akamshika kichwani kama alivyokuwa akimshika alipotoka chini ya meza na vumbi kwenye nywele.

"Usilitie moyoni, mwanangu," akamwambia. "Kazi ni kazi."

Bi Mkubwa aliondolewa siku ya mwisho wa muhula. Watu wanne walimbeba, na Mzee Wino alisimama pembeni akiwaelekeza wasimgonge mlangoni, akamuaga kwa jina. Kisu cha mpini mwekundu kilikwenda stoo. Aliomba kitu kimoja tu akichukue, kile kiti cha egemeo lililopasuka, na kwa kuwa hakikuwa kwenye orodha ya mali ya chuo, hakuna aliyemkatalia. Siku chache baadaye ofisi ya mazingira ilipewa cheti cha kuokoa karatasi, kimechapwa kwenye karatasi nene mno, na binti akatia sahihi mkataba wa miaka mitatu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilichukua karibu miezi mitatu, na kila asubuhi ilipitia getini. Baba alikuwa pale kwenye kibanda, koti jipya la kijivu limempwaya mabegani, daftari kubwa la magari limefunguliwa mbele yake. Mbele za watu alimwita afisa. "Karibu, afisa." Alinyanyua kizuizi kwa gari la naibu mkuu, akaandika namba yake kwa mwandiko wa taratibu, akaweka nukta. Wafanyakazi waliopita walimpungia mkono, wengine wakamuuliza mtoto fulani ameanza shule, daftari atapata wapi sasa. Aliwajibu kwamba madukani yapo. Binti alizoea kupita haraka akishika simu sikioni, simu ambayo mara nyingi haikuwa na mtu upande wa pili.

Kisha ikafika Jumamosi moja, kabla ya adhuhuri. Alikuwa sebuleni akikunja nguo, mtoto yuko mkekani anaandika. Kukawa na sauti ya karatasi inayobanduliwa, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayejua anafanya kosa.

"Unafanya nini?"

"Daftari limekwisha, mama. Imebaki hii iliyolala tu."

"Babu alisema usiiamshe."

"Babu alisema niandike kwanza nyingine. Nimeandika zote." Mtoto alimnyanyulia karatasi mbili ambazo zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, uso kwa uso, pembe kwa pembe, bila hata kiputo. "Lakini mama, huku ndani babu hajapiga mstari."

Binti aliichukua. Wino ulikuwa umevutwa upande, maneno yana vivuli, lakini yalisomeka. Chini kulikuwa na namba tisa. Akaitazama ya pili, nayo ilikuwa na namba tisa. *Na mtumishi aliyepo apangiwe kazi nyingine.* Karatasi mbili tu, alisema siku ile. Zimeharibika karatasi mbili tu. Mkono wa baba haukuweza kutupa karatasi yenye mgongo safi, na haukuweza kuuacha ukurasa ule wazi ili binti aukute akikagua kazi za shule, basi akautia gundi. Daftari lililetwa Ijumaa ile ile ya ripoti. Kwa hiyo alipokuja ofisini na barua iliyokunjwa mara nne, alipokuwa amesimama pale anasubiri, alikuwa na wiki tatu tangu ajue. Na binti akamwambia hata mimi nimeshtuka.

Alikaa chini mkekani. Mtoto alimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, halafu akasema ndiyo, halafu akambeba akamwacha kwa jirani, akatembea mpaka chuoni na lile daftari mkononi, bila mkoba, kwa kandambili za nyumbani.

Jumamosi magari ni machache. Baba alikuwa kibandani, na pembeni yake kile kiti, kitupu. Alimwona binti kwa mbali, akaona kilicho mkononi mwake, akavua miwani.

"Imeamka," akasema.

"Mjukuu wako anasema daftari limekwisha."

"Basi ana haki. Karatasi haitupwi."

Binti alikuwa amekusudia kubaki amesimama. Akakaa kwenye kiti, karatasi zikiwa mapajani, kama walivyokaa watu wote wa chuo kile.

"Baba, ulisoma."

"Nilisoma." Alisema bila kujitetea. "Miaka ishirini na sita, mara moja tu. Nikajiambia, mitihani ni ya watu, lakini hii ina jina la mwanangu, nataka kuona anaandikaje. Nikavuta kiti, nikaanza ukurasa wa kwanza, nikapokea kila ukurasa unavyotoka. Nilikuwa nacheka peke yangu mle ndani. Kuna pale ulipoeleza habari za hiki kiti, nilipasoma mara mbili. Nilipofika wa tisa nikaduwaa, na Bi Mkubwa naye hasubiri mtu, akazila mbili."

"Na nilipokuambia nimeshtuka..."

"Ulikuwa unatetemeka. Nifanye nini, nikuongezee?"

Binti alilia hapo hapo getini, mchana kweupe, afisa wa chuo, bila kujifunika uso. Alisema nisamehe, akasema alitaka kumwambia Jumapili, akasema Jumapili ile alikuwa na kikohozi, akasikia mwenyewe maneno yanavyosikika akanyamaza. Baba alimsubiri amalize. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja mashine ipate joto.

"Ulichoandika ni kweli," akasema. "Kazi ilikuwa imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi, kwa mkono wangu, mlango kwa mlango. Nilijua tangu siku ile nilipokitoa hicho kiti. Hilo sina kinyongo nalo hata kidogo, mwanangu."

Alivaa miwani, akashika kalamu, akaiweka tena chini.

"Ila pale penye mtumishi aliyepo," akasema. "Ungeandika tu mchapaji."

Nje gari lilipiga honi mara moja. Mzee Wino alisimama, akatazama namba, akaiandika kwenye daftari lake kwa mwandiko wa taratibu, akaweka nukta, akatoka kwenda kunyanyua kizuizi.